Mbegu Ina Kwao: Miti ya Milimani na Hali ya Hewa Iliyoilea

Miaka michache iliyopita nilisimama kwenye kitalu kimoja kando ya barabara itokayo Soni kwenda Lushoto, katika milima ya Usambara mkoani Tanga. Mzee mwenye kitalu alikuwa amechuchumaa chini ya kichanja kilichoezekwa majani, akipanga viriba vya miche midogo yenye vikonyo vyekundu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamwuliza mbegu za miche ile zimetoka wapi. "Hii ni mikomahoya, mwanangu," alinijibu. Nikamwuliza tena, kwa adabu, mbegu zenyewe ziliokotwa mahali gani na chini ya mti upi. Aliinua mkono akauzungusha mbele ya mlima mzima: "Huko huko msituni."

Jibu lile ndilo ambalo wengi wetu tungelitoa, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba ukishalijua jina la mti umeshaujua mti wenyewe. Lakini mlima aliouonesha mzee yule unapanda kutoka mita zipatazo 1,400 hadi kupita 2,000, na mkomahoya ulioota chini hauishi katika hali ya hewa inayoishi mwenzake wa juu. Je, mbegu ya chini na mbegu ya juu ni kitu kimoja? Wanasayansi wa misitu wamelichambua swali hilo kwa zaidi ya karne moja, na jibu lake lina mafundo kadhaa. Anayefungua fundo moja tu huondoka na hitimisho la makosa, kwa hiyo inatubidi tuyapitie kwa subira.

Tuanze na mlima wenyewe. Kwa kawaida hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Msafiri anayetoka Tanga mjini asubuhi na kufika msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, mchana wa siku ile ile, amevuka tofauti ya nyuzi zipatazo 12, na ndiyo maana abiria waliotoka Mombo wakiwa wamefungua madirisha ya basi huanza kuyafunga wakishapita Soni. Mvua nayo haigawanyiki sawasawa. Usambara ya Mashariki, iliyo jirani na bahari, huzipokea pepo zenye unyevu kabla hazijafika kwingine, na Amani, iliyo kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, hupata takriban milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Ukivuka Bonde la Lwengera ukapanda Usambara ya Magharibi, kisha ukateremka upande wa pili kuelekea Mkomazi, unakuta uwanda wa miiba na vumbi. Umbali wote huo, kwa mstari ulionyooka, hauzidi kilomita mia moja.

Tofauti kama hizo huamua kwanza ni spishi gani iote wapi. Mkulo, ambao mbao zake hunukia kafuri, hupenda miteremko yenye mvua na ukungu, ilhali mwangati hustahimili migongo ya milima iliyo mikavu zaidi. Hilo halina utata, na kila Msambaa aliyechunga mbuzi utotoni analijua. Utata unaanza tunapoitazama spishi moja inayoota kwenye mwinuko wote, kama vile mkomahoya, unaopatikana kuanzia mita 900 hivi na kupita 2,000, au msambu wa Amani, ambao mbegu zake zina mafuta na huota kuanzia miteremko ya chini, karibu mita 400, hadi mita 1,600 hivi. Mti wa juu ukionekana mfupi, wenye majani madogo na magumu kuliko wa chini, tofauti hiyo imetoka wapi?

Maelezo ya kwanza ni kwamba haimo kwenye urithi kabisa. Mmea mmoja unaweza kuchukua maumbo mengi kulingana na mahali ulipo, na uwezo huo tutauita unyumbufu. Huhitaji kwenda mlimani kuuona. Simama chini ya mwembe wowote wa Tanga mjini, uchume jani lililo ndani kwenye kivuli na jingine la kwenye ncha ya tawi linalopigwa na jua kutwa nzima, kisha uyaweke kwenye kiganja kimoja. La kivulini kwa kawaida ni pana na jembamba. La juani ni nene zaidi na limekakamaa. Majani hayo mawili yana vinasaba vile vile, yaani maandishi yale yale ya urithi yaliyomo ndani ya kila seli, herufi kwa herufi, kwa sababu yametoka kwenye mbegu moja. Ikiwa mti mmoja unaweza kutofautiana na nafsi yake kiasi hicho, hatuwezi kuitazama miti miwili ya mwinuko tofauti na kutangaza kwamba ina urithi tofauti. Macho peke yake hayatoshi kuamua.

Ili kuamua, inabidi watoto wa miti hiyo walelewe nyumba moja. Mbegu hukusanywa kutoka mahali pengi, kila fungu likiandikwa limetoka wapi, kisha zote huoteshwa kwenye udongo mmoja, chini ya mvua moja na jua moja. Tofauti itakayobaki baina ya mafungu, licha ya malezi kuwa sawa, ina asili yake kwenye urithi. Wafaransa walikuwa wakifanya majaribio ya namna hii kwa misonobari tangu karne ya 18 na ya 19, wakitafuta mbao za milingoti ya merikebu zao, na mwaka 1922 Göte Turesson wa Sweden aliipa sayansi istilahi ya kuitaja sehemu ya spishi iliyojitenga kiurithi kwa kulingana na mazingira yake. Hatua iliyofuata ilikuwa ya ujasiri zaidi. Katika miaka ya 1930 na 1940, kule California, Jens Clausen, David Keck na William Hiesey waliichukua mimea midogo ya kudumu, wakaikata vipande ili kila kipande kiwe na urithi ule ule, na kuvipanda katika bustani tatu: moja Stanford, karibu na usawa wa bahari, ya pili Mather, mita 1,400, na ya tatu penye mwinuko wa mita 3,050, karibu na ukomo wa miti. Kwa njia hiyo waliweza kuona mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani mmea mmoja unavyobadilika ukihamishwa, na mimea ya asili mbalimbali inavyotofautiana ikikaa pamoja. Mimea ya pwani iliyopelekwa juu kabisa mara nyingi haikumaliza hata majira machache. Ya milimani iliyoletwa chini iliishi, lakini haikuwapita wenyeji.

Hayo yalikuwa majani na maua ya kudumu, na mtu anaweza kusema kuwa mti ni jambo jingine. Kwa msomaji wa nchi ya joto, mfano ninaoupenda zaidi ni wa mti wa Hawaii uitwao kitaalamu Metrosideros polymorpha, ambao huota kuanzia ufukweni hadi karibu mita 2,500 kwenye miteremko ya volkano. Iliyo juu ina majani madogo yenye vinyweleo vingi upande wa chini. Iliyo chini mara nyingi ina majani laini yasiyo na kitu. Mbegu za miinuko mbalimbali zilipooteshwa pamoja, vinyweleo vilibaki kwa wenye navyo, ilhali baadhi ya sifa nyingine, zilizokuwa zikionekana dhahiri kule mlimani, zilififia na mafungu yakakaribiana. Kwa hiyo katika jani moja la mti mmoja kuna sifa iliyorithiwa na sifa iliyoletwa na mahali, na zote mbili zinaelekea upande mmoja, jambo ambalo ndilo linalotuchanganya tukiwa msituni.

Jaribio kubwa kuliko mengi lilipandwa mwaka 1974 katika jimbo la British Columbia, Kanada, ambako mbegu za msonobari aina ya Pinus contorta kutoka mahali 140 zilipandwa kwenye maeneo 60 yenye hali ya hewa mbalimbali. Miti hiyo imeendelea kupimwa kwa miongo kadhaa. Ilionekana kwamba kila asili ina kiwango cha joto inachokipenda, na ukiihamisha mbali na kiwango hicho, kwa kuipeleka kwenye baridi zaidi au joto zaidi, ukuaji unashuka. Ilionekana pia kwamba miti ya sehemu zenye baridi kali ingekua vizuri zaidi kama ingehamishiwa mahali penye joto kidogo kuliko kwao. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana lina uzito.

Sasa tujiulize urithi huo unajipangaje hadi ukafanana na mahali. Mti hauna ujuzi wa kujirekebisha vinasaba vyake kwa sababu ya baridi. Kinachotokea ni mchujo, na mchujo wenyewe hufanyika hasa utotoni. Mti mkubwa wa msituni huangusha mbegu kwa maelfu katika maisha yake, na kwa wastani, kama idadi ya miti haibadiliki, ni mtoto mmoja tu kwa kila mzazi anayefika utu uzima. Nenda chini ya mti mama mara baada ya masika ukachutame: ardhi imejaa miche yenye majani mawili mawili, imesongamana kama nywele za brashi. Rudi mwezi wa Februari, mwishoni mwa kiangazi kinachofuata mvua za vuli, ukute mingapi imebaki. Waliokufa hawakufa wote kwa bahati mbaya. Mmoja mzizi wake ulichelewa kushuka kwenye udongo wenye unyevu. Mwingine matundu ya majani yake yalichelewa kufunga mchana wa joto. Wa tatu mirija yake ya kupandisha maji ilikuwa mipana mno, ikaingiwa na hewa na kukatika mfululizo wa maji. Kule juu zaidi, penye ukungu na baridi ya Juni hadi Agosti, wanaoanguka ni wengine na kwa sababu nyingine. Vizazi vikipita, chembe za urithi zilizowasaidia waliobaki zinakuwa nyingi mahali hapo kuliko kwingineko. Huo ndio uteuzi asilia, na mlima ni mahali pake pazuri kwa sababu mtihani unabadilika kila baada ya mwendo mfupi.

Hapa sharti niweke tahadhari kuhusu kunakili matokeo ya nchi za baridi. Kwa miti ya kule, sifa inayopimwa zaidi ni tarehe ya kufunga matumba ya majani, yaani kusitisha ukuaji, kabla ya majira ya baridi, na mti huitambua tarehe hiyo kwa kuusoma urefu wa usiku. Tanga iko kwenye nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na tofauti ya siku ndefu na siku fupi kwa mwaka mzima ni kama nusu saa. Saa ya namna ile hapa haina nguvu kama kule. Miti yetu hupokea habari za majira kwa njia ya mvua, ukame na joto, na mchujo wake unahusu zaidi maji kuliko jalidi. Anayechukua kanuni za uhamishaji wa mbegu za Kanada na kuzibandika Lushoto bila kupima upya atakuwa amechukua jibu la swali la mtu mwingine.

Watu hupenda kuuliza ni jeni gani, yaani kipande gani cha vinasaba, inayoufanya mti uvumilie baridi. Swali lina kasoro ndani yake, kwa kuwa linadhani iko moja. Sifa kama urefu, kasi ya kukua au uvumilivu wa ukame hujengwa na mamia ya jeni, kila moja ikitoa kidogo sana. Mfano ulio karibu nasi ni mchango wa harusi. Sherehe inafana kwa sababu ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wametoa kila mmoja alichonacho. Ukimwondoa mchangiaji mmoja, harusi haivunjiki, na ukitazama sinia la pilau huwezi kusema hizi punje ni za mjomba. Ndivyo ilivyo kwa mti wa juu na mti wa chini wa spishi moja. Mara chache utakuta jeni ambayo huku ipo na kule haipo kabisa. Unachokuta ni kwamba aina fulani ya jeni hii imezidi kidogo huku, na aina fulani ya jeni ile imezidi kidogo kule, na jumla ya vidogo hivyo ndiyo inayotoa mti tofauti.

Kuvitafuta vidogo hivyo ni kazi ngumu, hasa kwa jamii ya misonobari. Vinasaba vya mti wa Ulaya uitwao Picea abies vilisomwa mwaka 2013 na kukutwa na herufi bilioni 20 hivi, wakati binadamu ana bilioni 3. Hata hivyo kazi imesonga mbele. Mwaka 2016 watafiti walioilinganisha Pinus contorta na miti ya jamii ya Picea magharibi mwa Kanada, koo mbili zilizoachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, walikuta jeni 47 ambazo katika pande zote mbili zilionesha dalili za kuchujwa na hali ya hewa. Hilo ni jambo la kustaajabisha. Koo zilizoachana enzi za dinosaria zimekutana na baridi ile ile, na kwa sehemu zimeijibu kwa kutumia zana zile zile.

Fundo linalofuata ni chavua. Miti haitembei, lakini chavua na mbegu zinatembea. Upepo unaipandisha na kuiteremsha chavua ya miti inayoitegemea, wadudu wanaibeba ya mingine, na hondohondo humeza matunda upande huu wa bonde na kuziacha mbegu upande wa pili. Kila kizazi, basi, mti wa juu unapokea posa kutoka kwa miti ya chini, na watoto wanaozaliwa wanakuwa na urithi uliochanganyika. Kwenye uwanda mpana, ambako hali ya hewa hubadilika baada ya mamia ya kilomita, mchanganyiko huo hausumbui. Mlimani, ambako kilomita tatu tu zinatenganisha hali mbili za hewa, mchanganyiko unavuta kuifanya miti ifanane na mchujo unavuta kuitenganisha, na matokeo yanategemea nani ana nguvu zaidi. Ndiyo maana haiwezekani kusema kwa ujumla kwamba miti ya juu na ya chini imetofautiana au haijatofautiana. Kila spishi, kwa jinsi inavyochavushwa na jinsi mbegu zake zinavyosafiri, ina hesabu yake. Msambu, kwa mfano, una miti dume na miti jike, hivyo hakuna mbegu inayozaliwa na mzazi mmoja peke yake, na tunda lake ni zito, huanguka chini ya mama. Hesabu ya mti wa namna hiyo haiwezi kulingana na ya mti ambao mbegu zake hupeperushwa na upepo.

Kisha kuna tofauti ambazo ni za urithi lakini hazina uhusiano wowote na hali ya hewa. Kikundi kidogo cha miti kikitengwa kwa muda mrefu, baadhi ya aina za jeni hupotea na nyingine huenea kwa bahati tu, kama vile ukoo mdogo kijijini unavyoweza kutoweka kwa kukosa watoto wa kiume wa kubeba jina, bila ya mtu yeyote kuwa na kosa. Mkomahoya umechunguzwa kwa njia hii katika nchi nyingi za Afrika, na ramani ya urithi wake inasimulia safari za kale: miti ya magharibi mwa Uganda iko karibu zaidi na ile ya Afrika Magharibi kuliko na ya milima ya mashariki. Hiyo ni historia ya utengano na uhamaji wakati hali ya hewa ya bara ilipokuwa tofauti na ya leo. Haituambii ni mti upi unaovumilia ukame. Nimesoma zaidi ya mara moja hoja inayosema kwamba kwa kuwa vinasaba vya misitu miwili vimetofautiana, basi kila msitu umezoea kwake. Hoja hiyo inaruka hatua. Bonde la Lwengera linaweza kuitenga misitu ya Usambara mbili na kuzaa tofauti hata kama mvua na joto vingelikuwa sawa pande zote.

Na tusidhani kwamba mwenyeji hushinda daima. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2008, uliokusanya majaribio mengi ya kuhamisha mimea, ulionesha kuwa mmea wa mahali ulimshinda mgeni katika asilimia 71 hivi ya maeneo yaliyochunguzwa, lakini hali ambayo kila upande unashinda kwake, ambayo ndiyo dalili kamili ya kuzoea mahali, ilipatikana kwa asilimia 45 hivi tu ya jozi. Tena ilipatikana zaidi kwa makundi makubwa ya mimea kuliko kwa madogo, kwa kuwa palipo na wachache bahati huizidi nguvu sababu. Kwa misitu yetu iliyokatwakatwa vipande na mashamba ya chai, mahindi na tangawizi, jambo hilo linastahili kutusumbua. Msitu mdogo hupoteza miti, na pamoja nayo hupoteza uwezo wa kuchujwa vizuri.

Jambo jingine lisiloingia kirahisi kwenye mpango huu liligunduliwa Norway. Watafiti waliona kwamba mbegu za Picea abies zilizotungwa mwaka wa joto huzaa miche inayochelewa kufunga matumba yake, kuliko mbegu za wazazi wale wale zilizotungwa mwaka wa baridi. Herufi za vinasaba hazikubadilika. Kilichobadilika ni namna zinavyosomwa, na hali hiyo hudumu kwa miaka mingi ya maisha ya mti. Yaani mbegu huondoka kwa mama ikiwa na kumbukumbu ya majira iliyotungiwa. Haijafutika kwa hilo kanuni ya mchujo, lakini mpimaji anayesahau mwaka wa mbegu anaweza kudhani ameona urithi wa mahali, kumbe ni kumbukumbu ya mwaka tu.

Haya yote yangeweza kubaki mazungumzo ya wasomi kama hali ya hewa ingetulia. Mti unaoishi miaka 200 uliota katika hali ya hewa ya wakati mwingine, na mchujo ulioupitisha ulikuwa wa wakati huo. Joto likipanda haraka kuliko vizazi vya miti vinavyopishana, msitu unakuwa umevaa nguo za majira yaliyopita. Mialoni ya bonde kule California, ilipopandwa pamoja kutoka sehemu nyingi, ilionesha kuwa hukua vizuri zaidi katika hali ya ubaridi kuliko ile ya mahali inakoishi sasa, maana yake imeshaachwa nyuma. Msonobari wa Kanada wa sehemu za baridi, niliousema juu, unaelekea upande huo huo. Kwa kuliona hilo, mwaka 2018 British Columbia ilianza kutumia utaratibu wa kuchagua mbegu za kupanda kwa kulinganisha hali ya hewa, badala ya kutazama ujirani peke yake.

Hapa kwetu njia ya kupanda juu ni fupi. Usambara ya Magharibi inaishia mita 2,300 hivi, na Usambara ya Mashariki haina pa kwenda zaidi ya kilele cha Nilo, chenye mita 1,506. Spishi inayoishi pale juu haiwezi kuukimbia ujoto kwa kupanda, kwa sababu baada ya kilele ni hewa tupu. Kinachoweza kuisaidia, ikiwa bado inaishi pia kwenye miteremko ya chini, ni urithi ambao tayari umeshachujwa na joto, ukipandishwa na chavua kidogo kidogo. Ile chavua ya chini niliyoieleza kama inayovuruga mazoea ya juu inageuka kuwa akiba. Lakini inahitaji msitu usiokatika kati ya chini na juu, na misitu ya chini ndiyo iliyofyekwa mapema na kwa wingi zaidi. Kwa maoni yangu, vipande vya msitu vilivyobaki kwenye miteremko ya chini, vile ambavyo vinaonekana vya hali duni vikilinganishwa na Magamba au Amani, vina thamani ambayo haijahesabiwa, kwa sababu huenda ndimo zilimo mbegu ambazo misitu ya juu itazihitaji.

Kwa mpandaji, maana yake ya vitendo si ngumu kama sayansi yenyewe. Mkaratusi aina ya Eucalyptus camaldulensis umeshatufundisha: mbegu zake kutoka Petford, kaskazini mwa Queensland, hufaa nchi za joto zenye mvua za majira ya joto, ilhali mbegu za spishi ile ile kutoka kusini mwa Australia hufaa nchi zenye mvua za majira ya baridi, na wapandaji waliochanganya hizo mbili walikuja kujuta baada ya miaka, wakati hakuna tena la kufanya. Mbegu za mti wa asili zikikusanywa, wataalamu wengi hushauri ziokotwe chini ya miti isiyopungua 30 iliyoachana vya kutosha, ili miche isije ikawa yote ni ndugu wa tumbo moja. Na pamoja na jina la spishi, kiriba au mfuko wa mbegu unastahili kuandikwa msitu, upande wa mlima, mwinuko na mwaka. Gharama yake ni kalamu na kipande cha karatasi.

Nimeuacha mkulo hadi sasa kwa sababu ndio unaonipa mawazo zaidi. Mkulo huzaa mbegu kwa nadra, na mara nyingi matunda yake huharibiwa na wadudu kabla hayajakomaa, kwa hiyo msitu wake hujirudisha hasa kwa machipukizi yanayotoka kwenye mizizi. Machipukizi hayo hayapiti kwenye mchujo nilioueleza, wala hayachanganyiki na chavua ya popote. Ni mti ule ule ukiinuka tena. Nilipokuwa Magamba nilionyeshwa kisiki cha mkulo uliokatwa zamani, kipana kiasi kwamba watu watatu wangekaa juu yake bila kubanana, kimezungukwa na mashina manne membamba yaliyonyooka, ukungu ukitiririka kwenye majani yake. Ukivunja kijiti kimoja kinanukia kafuri. Kwa macho ni msitu mchanga. Kwa urithi, mashina yale manne ni mbegu moja iliyoanguka pale karne nyingi zilizopita, chini ya mvua ambazo hakuna aliyezipima, na ndiyo inayopumua hewa ya leo.